Nani Kasema Tumerudi Moja kwa Moja?

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa ukumbi wa kijiji chetu, Drumkeeran, Ireland. Mimi na mume wangu Fergal tulikuwa tumelowa chepechepe, na mzigo wetu ni begi moja la mgongoni, maana masanduku yalipanda ndege ya Ureno bila sisi.

Mtakumbuka tulikuja likizo ya kiangazi tu, kisha turudi Zunyi, Uchina, tunakofundisha Kiingereza mwaka wa pili sasa.

Mtakumbuka pia kile kitambaa kilichotundikwa juu ya mlango, maandishi mekundu makubwa kama ya kampeni: KARIBUNI NYUMBANI NUALA NA FERGAL. SAFARI IMEKWISHA.

"Safari gani imekwisha?" nilimuuliza Fergal.

"Labda ya basi, kutoka Dublin," akanijibu.

Nikamwamini. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu wa kwanza Jumapili ile.

Mlango ukafunguliwa, tukavutwa ndani kama samaki.

Nusu ya kijiji ilikuwa humo, wametoka misani wakaja moja kwa moja. Chai inamiminwa, mkate wa magadi unakatwa, watoto wako chini ya meza. Aliyenidaka kwanza ni Dervla, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki.

"Nuala! Hebu simama hapa nikuone. Mungu wangu, umebaki macho tu! Huko hawana viazi?"

"Wanavyo tele. Wanavikaanga na pilipili."

Mumewe Mossie, mfugaji wa ng'ombe, mtu mpana kama mlango wa zizi, akashusha kikombe chake.

"Pilipili? Kwenye kiazi? Kiazi kimewakosea nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Packie, aliyekaa karibu na birika kama kawaida yake, akamwonyesha Fergal kidole.

"Wewe! Sema Kichina kidogo tusikie."

Fergal akasema maneno kadhaa, kwa sauti nzito ya kinabii. Ukumbi ukatulia kwa heshima.

"Umesema nini?"

"Nimeuliza choo kiko wapi."

Hapo lazima niwaeleze jambo. Tangu tuondoke, Fergal alikuwa akituma video kila Jumapili. Vitu vidogo vidogo tu: sokoni, darasani, jikoni kwetu. Dervla alikuwa akiziunganisha kwenye televisheni ya baa. Mimi nilidhani zinatazamwa na yeye na Mossie na labda mbwa wao. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinazifuatilia kama mechi za ligi.

"Bibi Luo hajambo?" akauliza Packie.

Bibi Luo ni jirani yetu wa mlango wa pili kule Zunyi. Siku moja alimfukuza Fergal kwa mwiko ngazi zote hadi chini, kwa kosa la kuanika soksi kwenye kamba yake.

"Hajambo, mzee."

"Amemsamehe?"

"Bado."

"Afadhali!" akadakia mama mmoja nyuma. "Kamba ni yake! Mimi niko upande wa Bibi Luo tangu mwanzo."

"Na yule mtoto anayelala darasani, mwenye fulana ya njano? Alifaulu?"

"Alifaulu."

Wakapiga makofi. Wengine walikumbatiana. Mimi nilisimama pale na kikombe changu, nikawaza: hawa watu wanawajua wanafunzi wangu kuliko wanavyowajua wajukuu wao.

Kisha umati ukapisha njia, akaja mama mkwe wangu, Mama Concepta, anatembelea mkongojo tangu apasuliwe nyonga majira ya baridi. Akatushika mashavu, mimi na mwanawe, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule.

"Mmerudi wanangu. Sasa naweza kufa kwa raha zangu."

"Usife leo, Mama," Fergal akasema. "Keki haijakatwa."

Mambo yakaanza kuniharibikia hapo. Padri Malachy akanipa mkono na kunishukuru kwa kukubali kufundisha kwaya. Kwaya gani? Mossie akampiga Fergal bega, akamwambia timu ya vijana inamsubiri Jumanne uwanjani, kocha wa zamani ameshaagwa. Mama mmoja akanieleza kwamba ameshaniwekea nafasi kwenye zamu ya maua ya kanisani, kuanzia Septemba mpaka nitakapochoka.

Septemba! Septemba mimi ninatakiwa kuwa Zunyi, mbele ya watoto wanaoniimbia salamu kila asubuhi.

Nikamkamata Fergal kwa mkono wa shati, nikamvuta hadi stoo nyuma ya jukwaa, katikati ya viti vilivyokunjwa.

"Fergal. Nani kasema tumerudi moja kwa moja?"

Akakitazama kiti kimoja kama vile kitamsaidia.

"Mimi."

"Wewe?"

"Nilimwambia Mama kwenye simu, alipokuwa hospitalini. Alikuwa analia, Nuala. Ungemsikia! Nikamwambia nyamaza Mama, kiangazi tunarudi, safari imekwisha. Nilidhani atasahau."

"Mama yako? Asahau? Yule anakumbuka siku ya ubatizo wako nani alikuja na soksi zilizotoboka!"

"Nilidhani zile dawa za usingizi…"

"Na mimi ukaamua kutoniambia."

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Ukaupata. Huu hapa, stoo!"

Kusema kweli sikuweza kumkasirikia sana. Mtu aliyemdanganya mama yake mgonjwa ili asilie, utamfanya nini? Lakini mimi Zunyi naipenda. Naipenda kelele yake. Napenda bakuli la tambi na nyama ya mbuzi asubuhi, kamasi zinakutoka kwa pilipili, dereva wa teksi na mkuu wa benki wamebanana meza moja. Drumkeeran tangu nizaliwe nimekuwa binti wa fulani, kisha mke wa fulani. Kule mimi ni Mwalimu Nuala, na habari inaishia hapo. Tulikuwa tumeshamwahidi Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Kuang, kwamba tunaendelea. Mkataba tungeusaini tukirudi.

"Wakishakula keki tunawaambia," nikasema. "Mtu hawezi kukufokea vizuri akiwa na keki mdomoni."

"Naongea mimi," Fergal akasema. Nikamwona shujaa.

Keki ikakatwa. Fergal akajisafisha koo.

Dervla akamuwahi. Alipanda juu ya kiti na viatu vyake vya misani, akagonga birika kwa kijiko.

"Jamani! Kabla Fergal hajatuchosha, nina neno! Nuala, Fergal, nyinyi watu mmetutesa. Ndiyo, mmetutesa! Kila Jumapili tunawaangalia mnakula, mnacheka, mnafukuzwa na mwiko. Halafu sisi tunazima televisheni, tunaenda kulisha ng'ombe kwenye mvua!"

"Kweli kabisa!" Packie akaitikia.

"Sasa Mama Concepta aliponiambia mnarudi moja kwa moja, nilikaa kitandani nikamwambia Mossie: mume wangu, zile nafasi zao zinabaki wazi. Mossie akanyamaza. Mnamjua Mossie. Akanyamaza mpaka asubuhi, halafu akasema, 'Pasi yangu ya kusafiria iko wapi?'"



"Nikamtafuta Mkuu wenu, Bwana Kuang, si aliwahi kutusalimia kwenye video? Tumeongea naye, ametuuliza maswali, tumemtumia vyeti. Tumepata! Mwisho wa Agosti tunaondoka! Tunachukua kazi zenu, tunachukua nyumba yenu, na tunamchukua Bibi Luo wetu!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, sandwichi zikaruka.

"Mossie, wewe utafundisha nini?" mtu akapaza sauti.

"Kiingereza," Mossie akasema, amesimama wima. "Nimekiongea maisha yangu yote."

"Na hatujawahi kukuelewa!"

"Nina shahada," akasema Mossie. Ni kweli, anayo, ya kilimo. Imetolewa kabatini ikafutwa vumbi.

"Na ng'ombe je?" Packie akauliza.

"Nimewauza. Wote. Lori lilikuja jana."

"Hata yule mwekundu?"

Mossie akameza mate. "Hata yule mwekundu."

Nikamtazama Fergal. Shujaa wangu alikuwa amejaza keki mdomoni kwa makusudi.

Basi ikawa kazi yangu. Nikamshusha Dervla kwenye kiti, nikampitisha jikoni, nikamtoa hadi uani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Bado alikuwa anacheka, ana krimu kidevuni.

"Dervla, shoga yangu, sikiliza. Hatujarudi moja kwa moja."

"Unasemaje?"

"Tumekuja likizo. Agosti tunarudi. Fergal alimdanganya mama yake ili anyamaze, maneno yakatembea. Kazi zile bado zetu. Au zilikuwa."

Akaniangalia.

"Lakini nilimwambia Kuang mnaondoka," akasema polepole. "Akasema amesikitika, ila anaelewa, huenda mnaona aibu kumwambia wenyewe. Nikamwambia ndivyo walivyo, waoga wote wawili."

"Dervla!"

"Si nilijua ni kweli?"

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilitaka kuwashangaza!"

"Basi nimeshangaa!"

Akafuta kidevu kwa kiganja. "Kwa hiyo unataka nikurudishie kazi yako."

"Sijui ninachotaka."

"Unajua. Unaogopa kukisema tu. Acha niseme cha kwangu basi. Ulipoondoka nilikusema mwezi mzima, Nuala. Nilimwambia kila mtu mtarudi kabla ya Krismasi, mnalia. Krismasi ikafika, video ikaja: mko juu ya paa na majirani, mnachoma nyama, mmevaa kofia za karatasi. Niliingia choo cha baa nikalia mimi."

"Kwa wivu?"

"Kwa wivu, ndiyo! Ulidhani nini, mafua?"

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nilicheka. Naye akacheka, huku machozi yanamtoka, tumeshikana mikono kwenye mvua kama wasichana waliofukuzwa darasani.

Kisha akaacha kucheka.

"Mossie amewauza ng'ombe wa baba yake, Nuala. Jana jioni hakugusa chakula. Leo asubuhi nimemsikia anapiga mluzi akinyoa ndevu. Mluzi! Tangu nimeolewa naye sijawahi kumsikia anapiga mluzi. Haya, ingia ndani ukamwambie."

Sikusogea.

Mlango wa jikoni ukalia. Mama Concepta akatoka na mkongojo wake, kitambaa kichwani.

"Mnagombana au mnacheka? Kule ndani tumeshindwa kuelewa."

Nikaona heri niyamalize yote kwa mpigo. "Mama, naomba utusamehe. Hatujarudi moja kwa moja. Fergal alikuambia vile kwa sababu ulikuwa unalia hospitalini, akakuonea huruma."

"Nani alikuwa analia?"

"Wewe, Mama."

"Mimi?" Mkongojo ukagonga chini. "Mwanangu, siku ile mimi walinichoma sindano nikawa nawaimbia wauguzi. Waliniambia nipunguze sauti! Aliyelia ni yeye. Alilia kwenye simu mpaka nikamwambia, nyamaza we Fergal, watu wanasikia."

Nikageuka.

Fergal alikuwa mlangoni, sahani ya keki mkononi. Sijui alisimama pale kwa muda gani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Fergal?"

Akatazama keki, kisha akanitazama mimi.

"Mama sikumdanganya," akasema. "Niliyekuwa namdanganya ni wewe."



"Lakini zile video!" Dervla akasema. "Wewe ndiye unayecheka kuliko wote!"

"Nacheka, ndiyo. Nikizima kamera naenda jikoni, nafungua simu, naangalia hali ya hewa ya Drumkeeran. Leo manyunyu. Kesho manyunyu. Naona wivu, Dervla. Kila mtu na wivu wake."

Nilitaka kumcheka. Hakunipa nafasi.

"Kule mimi ni kichekesho, Nuala," akaendelea. "Nikifungua mdomo sokoni watu wanacheka, na wana haki, najisikia mwenyewe ninavyoongea. Hapa nikiingia dukani hakuna anayegeuka. Hakuna hata mmoja! Hujui raha yake."

Niliijua. Kutogeukiwa huko ndiko nilikokukimbia mimi.

"Kwa nini hukuniambia, Fergal? Miezi yote hiyo, kitanda kimoja, meza moja."

"Ningekuambia vipi? Ulikuwa na furaha. Asubuhi unateremka zile ngazi unaimba. Sijawahi kukuona hivyo tangu nikujue. Nikasema acha nivumilie. Halafu Mama akaanguka, nikasikia sauti yake iko mbali vile, ikanitoka."

Mama Concepta akamsogelea, akamfuta mwanawe mvua usoni kwa ncha ya kitambaa chake.

"Mimi nikajua mmekubaliana," akaniambia mimi. "Ningejua hamjaongea, nisingeandika lile bango. Herufi zile nimezipaka rangi kwa mkono, mgongo wote unaniuma."

Nilikuwa na hasira, nilikuwa na huruma, na nilikuwa na krimu ya Dervla kwenye kiwiko. Nilitaka kumkumbatia Fergal. Nilitaka pia kumpiga na mkongojo wa mama yake. Sikujaliwa kufanya hata kimoja, maana sauti ya Mossie ilipasua ukuta.

"Dervla! Nuala! Njooni upesi! Mkuu yuko kwenye televisheni!"

Dervla akajishika kichwa. "Yesu wangu, nimesahau. Nilimwomba Kuang atupigie wakati wa keki. Nilitaka awaage rasmi."

Tukaingia mbio, Mama Concepta nyuma yetu.

Televisheni ya baa ilikuwa imeletwa ukumbini, imewekwa jukwaani juu ya meza ya vitabu vya nyimbo. Bwana Kuang alikuwa amekaa sebuleni kwake, amefunga tai, mkewe kando anamenya machungwa. Mbele ya kioo alisimama Mossie. Naye alikuwa amefunga tai. Sikujua kama Mossie ana tai.

"Nawasalimu nyote wa Drumkeeran," akasema Bwana Kuang, kwa kile Kiingereza chake cha taratibu.

Wakamwitikia kwa pamoja, kama misani.

"Mwalimu Nuala, Mwalimu Fergal, nimefurahi kuwaona. Nina swali moja tu. Habari zenu nimezipata kwa watu, sijazisikia kwenu. Ndugu zetu hawa nimewakubali, ni watu wazuri. Lakini nafasi ni mbili, na mkataba hajausaini mtu. Nisingependa kumwandikia mtu mwingine jina kwenye kiti ambacho mwenyewe bado amekikalia. Kwa hiyo niambie wewe, Mwalimu Nuala. Mnaondoka, au mnarudi?"

Packie akatoa kofia. Mossie alikuwa anatabasamu, anadhani ni adabu tu za Kichina, swali la kumalizia.

Nikamtazama Dervla. Akatazama sakafu. Nikamtazama Mama Concepta. Akaniinamishia kichwa kidogo, na mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nini. Mwisho nikamtazama mume wangu, mtu ninayempenda, ambaye amevumilia pilipili na vicheko ili mimi niimbe kwenye ngazi.

Nikafungua mdomo.

"Narudi," nikasema.

Sikusema tunarudi. Nilisema narudi. Mtu anayefundisha sarufi kila siku hawezi kujitetea kwamba ulimi uliteleza. Na mume wangu, anayeifundisha sarufi hiyohiyo chumba cha pili, hahitaji kufafanuliwa.

Tabasamu la Mossie likaning'inia. Mtu akakohoa.

Bwana Kuang akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea.

"Mmoja," akasema. "Vizuri. Na wa pili?"

Dervla akainua mkono. Mossie akainua wake, akamwona mkewe, wala hakuushusha.

Fergal alikuwa ameishika sahani ya keki kwa mikono yake yote miwili.